Mama Hajashindwa, Ni Wewe Hujamfundisha



Leo nina neno kwa wale wanaoniambia, "Pasta, mamangu ni mtu wa zamani, hayo mambo ya simu ya video hawezi."

Hawezi? M-Pesa ilipokuja mwaka wa 2007, si ni huyo huyo mama alijifunza? Leo PIN iko kichwani, ajenti anamjua, na ukituma pungufu anajua kabla hujamaliza kueleza. Alijifunza kwa sababu ulikaa naye ukamwonyesha. WhatsApp imekuwa na simu ya video tangu 2016. Miaka yote hiyo umekosa dakika kumi?

Mwingine anasema bando ni ghali. Na ile ya TikTok hadi saa saba usiku hutoka wapi, ndugu yangu?

Soma 2 Yohana mstari wa 12. Mzee alikuwa na karatasi na wino, lakini alikataa kumaliza yote kwa barua. Alitaka waonane ndipo furaha ikamilike. Wewe unatuma elfu mbili na neno "nimetuma", unahesabu umemheshimu mzazi. Halafu soma Marko 7, uone Yesu alivyowakemea waliotumia sadaka kama kisingizio cha kuwaacha wazazi. Tuko na watu hapa hawakosi maombi ya mtandaoni saa kumi alfajiri, na mama hajaona uso wao tangu Krismasi!

Sisemi simu ichukue nafasi ya kwenda nyumbani. Nauli ikipatikana, enda. Lakini dada aliye Saudia kwa mkataba wa miaka miwili ataenda vipi? Kwa sauti atasema "niko sawa". Mama akimwona amekonda, atajua cha kuombea.

Ukimfundisha, usimnyang'anye simu. Aguse alama ya kamera mwenyewe, mara tatu, mara nne. Ukiona dari tu, ama paji la uso, usicheke. Mwambie aegemeze simu kwa kikombe. Kama ana kabambe, ya mjukuu ama ya jirani itatosha, bora bando utume wewe. Na umwonye: hata anayepiga akilia kwamba ni mtoto wake, PIN haipewi mtu.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, vijana watabaki na wazee wenye simu pale viti vya nyuma. Mje na chaja.