USAFI WA MWILI: Harufu ya Sehemu za Siri za Mwanamume

Ziko habari ambazo wanaume hawazitaji barazani, wala ndugu na ndugu hawaulizani, na mojawapo ni hii ya harufu mbaya itokayo katika sehemu za siri. Mtu huificha mpaka mkewe amgeuzie mgongo, ndipo aende dukani kununua manukato, au ajisugue kwa dawa kali iliyokusudiwa sakafu na choo, akajitia vidonda. Huku nyuma nyumba ina manung'uniko, na mara nyingi lawama humwangukia mke, kana kwamba yeye ndiye aliyeileta harufu hiyo.

Yafaa ifahamike kwanza harufu yenyewe yatoka wapi. Jasho la paji la uso na la viganja karibu lote ni maji na chumvi. Lakini katika kwapa na kinena ziko tezi za namna nyingine, ambazo huanza kazi yake kijana abalehepo, na jasho lake lina mafuta na protini. Hilo nalo, litokapo tu, halina harufu ya kumchukiza mtu. Ni vijidudu vikaavyo juu ya ngozi ndivyo vilavyo jasho hilo na kulichachusha. Vijidudu hivyo hupenda mahali penye joto na unyevu, pasipopata hewa.

Sasa na itazamwe kazi ya mchuma chai wa Kericho au Bomet. Huondoka asubuhi, umande ungali juu ya majani, amejifunga plastiki kiunoni asilowe. Plastiki ile yazuia umande usiingie, lakini yazuia pia jasho lisikauke. Huchuma hivyo saa nyingi, akipanda na kushuka vilima, na alasiri mvua huja, kama ijavyo karibu kila siku kwa miezi mingi katika nchi ile iliyo juu ya bahari kadiri ya mita 2,000. Nguo ya ndani aliyoifua jana haikukauka. Aivaa hivyo hivyo mbichi. Hapo hazaliwi adui mmoja tu wa harufu, bali hata choa cha kinena, chenye kuwasha na kuacha mabaka mapajani. Karani naye, akaaye kitini kutwa kwa suruali nzito isiyopitisha hewa, hayuko mbali sana na mchuma chai.

Basi dawa ya kwanza si ghali. Mtu na aoge kila siku atokapo kazini, kwa maji na sabuni isiyo kali, kisha ajikaushe vizuri kabla ya kuvaa, hasa katika mikunjo ya mapaja. Nguo ya ndani iwe ya pamba, ibadilishwe kila siku. Isipopata jua, ipigwe pasi ya makaa mpaka ikauke kabisa. Kuianika juu ya meko huitia moshi, lakini afadhali moshi kuliko ubichi. Mwenye nguo za ndani mbili tu, heri anunue ya tatu kabla ya kufikiri habari za manukato.

Wako Wakipsigis wasemao kwamba jambo hili si lao, maana wao hutahiriwa. Hiyo ni nusu ya kweli. Asiyetahiriwa hukusanya chini ya govi utando mweupe, ambao usiposafishwa hunuka na kuvimbisha ngozi. Na uvimbe wa namna hiyo ukirudi rudi kwa miaka mingi huzidisha hatari ya saratani ya uume. Huyo yampasa alivute govi taratibu kila siku, aoshe kwa maji, akaushe, alirudishe. Likikataa kurudi nyuma asilishindilie kwa nguvu, bali aende hospitali. Tangu mwaka 2008 Serikali ya Kenya imewatahiri wanaume wengi, hasa wa Nyanza, ili kupunguza hatari ya kuambukizwa Ukimwi. Lakini aliyetahiriwa, awe kwa mila au kwa daktari, kinena chake chatoka jasho lile lile, na kisu hakikumwondolea wajibu wa kuoga.

Na chakula je? Mazungumzo ya wanaume hupenda kukimbilia hapa: huyu husingizia vitunguu, yule nyama, na mwingine mursik, kwa kuwa ni maziwa yaliyochacha. Kitunguu saumu ni kweli hupita katika damu na kutoka kwa pumzi. Lakini wataalamu wa Prague, katika nchi ya Ucheki, waliwanusisha wanawake jasho la kwapa za wanaume wakaona mambo yasiyotazamiwa. Mwaka 2006 walionyesha kwamba wanaume walioacha nyama nyekundu kwa majuma mawili walipendeza zaidi. Na mwaka 2016 waliokula saumu wakapendeza kuliko wasioila! Hizo zilikuwa kwapa, si kinena, na watu wenyewe walikuwa wachache, basi asiwepo mtu wa kumnyima mwenziwe kitoweo kwa ajili hiyo. Pombe ndiyo ya kuangaliwa zaidi: humkausha mtu maji, mkojo ukawa mzito wenye harufu kali, na mlevi hulala na nguo zake bila kuoga.

Liko jambo lingine lisilofaa kudharauliwa. Mwenye ugonjwa wa kisukari hutoa sukari katika mkojo, na kuvu hunawiri kwa sukari hiyo, hasa chini ya govi. Mtu mzima apatwaye na mwasho na utando mweupe mara kwa mara, naye ana kiu nyingi na kuamka usiku kukojoa, aombe kupimwa. Ni tone moja la damu ya kidole.

Ikiwa pamoja na harufu pana usaha, au kidonda, au maumivu wakati wa kukojoa, hilo si la sabuni tena. Huenda ni kisonono, na Kericho, Longisa na Tenwek ziko hospitali za kulitibu. Mume na mke watibiwe pamoja, bila kutafutana makosa kwanza. Wala asinunue mtu vidonge vya kubahatisha dukani, maana kisonono cha siku hizi kimekwisha kuzoea dawa nyingi zilizokiua zamani.