Jino la Kompyuta: Je, Linadumu?

Baada ya msimu wa pamba, kaya za Bariadi, Maswa na Itilima zinapokuwa na fedha kidogo mkononi, hutufikia swali hili: gego lililotoboka ling'olewe, au lijengwe upya kwa kauri inayochongwa na kompyuta? Na likijengwa, litadumu miaka mingapi?

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Daktari huondoa sehemu iliyooza, kisha hupiga picha za jino kwa kamera ndogo inayoingia kinywani. Kompyuta huchora kipande kinachokosekana, na mashine hukichonga kutoka katika donge la kauri. Kipande hicho hugandishwa kwa gundi maalumu, aghalabu siku hiyo hiyo. Njia hii ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, na Werner Mörmann na Marco Brandestini. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1985.

Huko huko Uswisi, daktari mmoja alifuatilia vipande 200 vilivyowekwa katika meno ya nyuma kati ya 1989 na 1991. Baada ya miaka 17, ilikadiriwa kuwa takriban 89 katika kila 100 vilikuwa bado vinafanya kazi. Sababu kuu ya kushindwa ilikuwa kuvunjika kwa kauri. Hata hivyo, hesabu hiyo si ahadi, kwani ni ya kliniki moja na ya wagonjwa waliorudi kuchunguzwa.

Uimara hutegemea zaidi jino lililobaki kuliko mashine. Gundi haishiki vyema penye mate au damu. Kwa hiyo jino lililooza hadi chini ya ufizi ni gumu kuokoa. Anayesaga meno usingizini huihatarisha kauri. Na asiyepiga mswaki, jino lake litaoza tena pembezoni mwa kipande, hata kama kipande chenyewe ni kizima.

Basi kabla ya kufunga safari ya Mwanza au Dar es Salaam na kutoa akiba ya familia, mwulizeni daktari: Je, jino lililobaki lina nguvu ya kubeba kauri? Je, ujazo wa kawaida hautoshi? Kikivunjika, nani atakitengeneza, na kwa gharama gani? Tundu dogo likizibwa mapema karibu na nyumbani, halihitaji kompyuta kabisa.

Tunawausia wazazi jambo moja zaidi. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wengi hulidhani la utotoni, wakaliacha lioze. Likipotea, halioti jingine. Mchunguzeni mtoto leo, na mswaki wenye dawa ya meno yenye floraidi utumike asubuhi na kabla ya kulala.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.