Msowero panahitaji skana

Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki zipo tangu 2018. Mwishoni mwa 2023 Mahakama ya Tanzania ikaleta mfumo mpya wa kusimamia mashauri, e-CMS. Leo wakili wa Morogoro mjini anapakia hati zake saa nne usiku akiwa sebuleni kwake, na kwa kanuni zile, kilichoingia kabla ya saa sita usiku kimeingia siku hiyohiyo. Vizuri sana. Mkulima wa kata ya Msowero, wilayani Kilosa, anafaidika nini?

Tumchukue aliyelishiwa mahindi na ng'ombe, akadai fidia Mahakama ya Mwanzo, akashindwa. Ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Mkononi ana simu ya tochi na nakala ya hukumu iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Basi atapanda gari hadi Kilosa mjini, amtafute kijana wa stesheneri, naye amchapie, amskanie na kumpakilia mtandaoni. Yaani amesafiri kwenda kupata huduma iliyoanzishwa ili asisafiri.

Huyo ana nafuu. Mwenzake ataangukia kwa kishoka, hukumu ipigwe picha ya haraka huku kivuli cha mkono kikifunika muhuri, itumwe hivyohivyo. Ikikataliwa, taarifa inakwenda kwenye barua pepe ya kishoka. Mwenye kesi yuko shambani, hana habari, na siku zinahesabika.

Visingizio tumevisikia. Mtandao unasumbua, umeme unakatika, wananchi hawajui kompyuta. Mwananchi huyohuyo anapokea hela ya mpunga kwenye simu na analipia king'amuzi kwa simu. Hakuna aliyemwita semina. Palikuwa na wakala wa pesa jirani, akamwuliza, akaelekezwa, basi. Na mtandao ukikatika asubuhi, jioni hurudi. Nauli iliyokwisha kulipwa hairudi.

Kinachokosekana ni mtu mmoja na skana moja. Ofisi ya mtendaji wa kata ipo. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mmoja wao apewe kompyuta na mafunzo, akae pale kwa siku zinazojulikana. Hatumwombi awe wakili. Askani hati vizuri, aipakie, amtolee mwenye kesi namba ya malipo na kumwandikia namba ya shauri kwenye karatasi. Hati ikikataliwa, ampigie simu siku hiyohiyo. Kuacha mambo yalivyo ni kumchimbia mtu kisima Msowero na kumwekea kamba yake Morogoro.

Na karani wa mahakama anayeiona hati kwenye kioo chake aache kumwambia mtu alete na nakala ya karatasi. Hiyo haihitaji hata senti moja.



Fedha? Skana haigharimu hata tairi moja la gari la halmashauri. Bajeti ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa hupitishwa na baraza la madiwani, na Msowero ina diwani wake mle ndani. Tunasubiri kusikia amesema nini.