Ni ‘roboti hii’, si ‘roboti huyu’

Hebu fikiria roboti ya vita. Najua umeona nini: jamaa la chuma lenye macho mekundu, kifua kama cha baunsa, limebeba bunduki kwa mkono mmoja na halifi hata likimiminiwa risasi gunia zima. Picha hiyo hukuzaliwa nayo. Ulipewa na James Cameron na Arnold Schwarzenegger mwaka 1984 kupitia filamu ya The Terminator, hata kama wewe ulizaliwa miaka 20 baadaye na uliiona kwenye kibanda cha video mtaani huku DJ akiitafsiri kwa kelele.

Sina ugomvi na filamu, nazipenda sana. Lakini picha hiyo inatuchezea shere mara mbili. Kwanza, inatufanya tukodolee macho mlango wa mbele ilhali mwizi ashapitia dirishani. Pili, inatufundisha kuilaumu mashine na kumsahau mwenye mashine. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Tuanzie jikoni, pale neno lenyewe lilipopikwa. Mwaka 1920 mwandishi wa Czech, Karel Čapek, alichapisha tamthilia iitwayo R.U.R. Ndimo neno ‘roboti’ lilimozaliwa, kutokana na ‘robota’, ambalo kwa lugha yao ni kazi ya kulazimishwa, ile ya kitwana. Roboti za Čapek hazikuundwa kupigana. Ziliundwa kiwandani zifanye kazi bila mshahara. Wafanyakazi waliponyimwa ajira wakaasi, roboti zikapewa silaha za kuwazima. Kisha serikali zikaona, aah, kumbe hawa ni wanajeshi wa bei rahisi, zikaagiza kwa wingi. Vita vikafuatana, na mwishowe roboti zikawageukia wanadamu wote.

Soma mtiririko huo tena polepole. Kazi ya bure, kisha kuzima maandamano, kisha vita. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mtu aliona kwamba hatari haikuanza siku roboti ilipopata hasira. Ilianza siku mwenye kiwanda alipopokea oda. Hollywood ilichukua hasira ikaiacha oda.

Baadaye, mwaka 1942, Isaac Asimov aliandika sheria zake tatu za roboti, ya kwanza ikiwa kwamba roboti isimdhuru binadamu. Wasee wengi hudhani sheria hizo zipo mahali fulani ndani ya mitambo, kama breki ndani ya matatu. Hazipo. Ni za hadithini, na hata humo hadithini Asimov alizitumia kuonyesha zinavyokwama.

Sasa tuje kwenye roboti zenyewe. Mwaka 2015, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, liliandaa fainali ya mashindano ya roboti huko Pomona, California. Lengo lilikuwa kupata mashine za kuingia kwenye mikasa kama ule wa kinu cha nyuklia cha Fukushima. Timu ya KAIST ya Korea Kusini ilibeba zawadi ya dola milioni 2, lakini dunia inakumbuka video za roboti zikianguka kama walevi wa mwisho wa mwezi. Kufungua mlango tu ilikuwa shughuli. Aprili 2025, roboti 21 zilijitosa kwenye nusu marathoni jijini Beijing. Sita tu ndizo zilizomaliza, na iliyoshinda ilichukua saa mbili na dakika 40. Mkimbiaji wa Iten angekuwa ashaoga, ashakunywa chai na kurudi kuzitazama.

Usicheke sana, lakini. Kutoka kushindwa na mlango hadi kukimbia kilomita 21 ni miaka kumi tu. Na bei inashuka. Mwaka 2024 kampuni ya Unitree ya China ilitangaza roboti yake ya G1 kwa dola 16,000, kama Sh2 milioni hivi.

Hata hivyo, ukimuuliza mwanajeshi aliye vitani leo, atakuambia hana haja na miguu miwili. Mashine inayosimama wima ni shabaha nzuri. Ikikanyaga tope inateleza. Betri ya hiyo G1 hudumu takriban saa mbili, na vita havina soketi ya kuchaji. Kule Ukraine roboti za ardhini zinazofanya kazi kweli zina magurudumu au minyororo kama trekta. Zinabeba risasi, zinatega mabomu, zinavuta majeruhi. Na kinachoua zaidi ni droni ndogo ya dola mia chache, isiyo na kichwa wala uso. China nayo, katika mazoezi ya pamoja na Cambodia mwezi Mei 2024, ilionyesha roboti mfano wa mbwa yenye bunduki mgongoni.

Kwa hivyo mwizi wa dirishani ndiye huyo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti yao ya 2021 kuhusu Libya kwamba silaha kama droni aina ya Kargu-2, iliyotengenezwa Uturuki, zilitumika kuwaandama wapiganaji waliokuwa wakirudi nyuma mwaka 2020. Zilikuwa zimepangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano na mtu anayeziongoza. Hiyo si California ya filamu. Hiyo ni Afrika, bara letu, na wengi wetu tulikuwa tumefungiwa nyumbani na korona tukitazama sinema za roboti.

Wahenga walisema vita havina macho. Sasa vimefungwa kamera.

Utaniuliza, kama miguu miwili haina faida, mbona bado wanaitafuta? Jibu ni rahisi. Dunia yote imejengwa kwa kipimo cha mwili wako. Ngazi, mlango, usukani, hata kifyatulio cha bunduki. Atakayepata roboti ya umbo la binadamu inayofanya kazi vizuri hatahitaji kuunda upya silaha wala magari, ataikabidhi zilizopo. Urusi ilionyesha roboti yake, Fedor, ikilenga shabaha kwa bastola mbili mwaka 2017. Nayo kampuni ya Foundation ya San Francisco haifichi kwamba inataka roboti yake, Phantom, iende jeshini. Mwaka 2022 kampuni sita, zikiwemo Boston Dynamics na Unitree, ziliahidi kwa barua ya wazi kutozifunga roboti zao silaha. Ni jambo jema. Lakini ahadi si sheria. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa tofauti ya hayo mawili.

Sasa nikupeleke usiku wa Septemba 26, 1983. Ndani ya handaki karibu na Moscow, afisa wa Kisovieti aitwaye Stanislav Petrov alikuwa zamu. Ving’ora vikalia. Kompyuta ikasema Marekani imerusha kombora la nyuklia, kisha ikaongeza mengine hadi yakawa matano. Kanuni ilimtaka apashe wakubwa habari, na wakubwa wangeamua kulipiza. Petrov akatafakari: nani huanzisha vita vya nyuklia kwa makombora matano tu? Akaripoti kwamba mtambo umekosea. Na kweli ulikuwa umekosea; setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua uliogonga mawingu.

Ushaelewa ninakoelekea. Mwaka mmoja kabla ya The Terminator kutoka, dunia iliokolewa na mtu aliyesita. Kusita ndiyo kazi ambayo hakuna kiwanda kinachotaka kuiunda. Kwenye orodha ya bei huwezi kuona ‘roboti inayosita, nyongeza ya Sh200,000’. Mnunuzi wa silaha hulipia kinyume chake.

Najua kuna msomaji anayenuna saa hii. Anasema, buda, wacha kutupaka mafuta. Binadamu gani hao wanaosita? Juni 25, 2024 ulikuwa wapi? Ni swali la haki, na sitalikwepa. Waliofyatua risasi siku ile hawakuwa roboti. Walikuwa na mama, na dini, na pengine watoto wa rika letu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, ilihesabu vifo visivyopungua 60 katika maandamano yale ya 2024. Kwa hivyo sitakudanganya kwamba nyama na damu ni dawa ya ukatili.

Ila angalia kilichofuata. Watu walichukua video, wakalinganisha, wakatafuta sura. Mwezi Aprili 2025 BBC ilitoa filamu iliyochambua maelfu ya picha na kuonyesha ni maafisa gani waliofyatua risasi nje ya Bunge. Iliwezekana kwa sababu kila mmoja ana sura yake, mwendo wake na jina lililoandikwa kwenye faili mahali fulani. Haki bado inachechemea, lakini angalau ina njia ya kupita.

Sasa weka roboti 500 pale Parliament Road, zote zimetoka kiwanda kimoja, zote zina uso mmoja. Moja imempiga mtoto wa mtu. Utamshtaki nani? Kamanda atasema programu ilikosea. Kampuni itasema jeshi liliitumia vibaya. Waziri atasema uchunguzi unaendelea. Na roboti itarudishwa karakana, ipanguswe vumbi, ichajiwe, irudi kazini Jumatatu.

Usiseme ni ndoto. Julai 2016 polisi wa Dallas, Marekani, walimuua mshambuliaji aliyekuwa ameua maafisa watano kwa kumpelekea roboti ya kutegua mabomu iliyobeba kilipuzi. Huenda hukumwonea huruma, nami simtetei. Lakini chombo cha kutegua kikawa cha kulipua, tena mjini, mikononi mwa polisi. Silaha ina tabia ya kuanzia vitani ikamalizikia mtaani.

Hapa ndipo lugha yetu inaponipa la kusema. Mwingereza akizungumza kuhusu roboti anaweza kujificha; Kiswahili hakimruhusu mtu kujificha. Kila sentensi inakulazimisha uchague: roboti huyu ameua, au roboti hii imeua? Ukisema ‘huyu ameua’, ushampa roho, ushampa na hatia. Umemfungulia kesi jamaa asiye na nafsi, na wanaume waliovaa suti wameponyoka kupitia mlango wa nyuma. Ukisema ‘hii imeua’, swali linakuja lenyewe: ya nani? Panga halishtakiwi. Hushtakiwa aliyelishika.

Na ndiyo sababu umbo la binadamu linanitia wasiwasi kuliko droni. Droni inaua, lakini hakuna anayeikasirikia. Roboti yenye kichwa, mabega na mikono itakasirikiwa, itaogopwa, itapewa jina la utani na meme. Umbo lile litakuwa barakoa ya mtu mwingine. Sinema zimetuzoeza: stelingi akipigana na jamaa la chuma dakika 90, nani anakumbuka kuuliza nani alilipia jamaa lile?

Sisi hatuko nje ya mchezo huu. Niliacha chuo kabla ya digrii na ninatafuta riziki mtandaoni kama wengi wenu, kwa hivyo najua kazi za kuweka lebo kwenye picha na maandishi zinavyosambaa Nairobi. Hii hapa ni gari, huyu hapa ni mtu, yule amebeba kitu. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana wa Nairobi waliochuja maandishi machafu ili kuisafisha ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Akili unde haijifunzi kuona yenyewe. Hufundishwa na macho ya watu, mara nyingi macho ya watu wenye njaa. Ukipewa kazi ya kuchora mstari kuzunguka kila mtu aliyeonekana kutoka angani, una haki ya kuuliza picha hizo zinaenda wapi. Doh ni muhimu, lakini jibu pia ni muhimu. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wa zama hizi hutoa vibarua.

Kuna la kufanya. Mazungumzo kuhusu silaha zinazojiamulia yamekuwa yakivutwa Geneva tangu 2014. Mwaka 2023 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitaka ifikapo 2026 kuwe na mkataba wenye nguvu za kisheria wa kuzipiga marufuku zile zinazoua bila binadamu kuzidhibiti. Desemba 2024 nchi 166 zilipiga kura kuunga mkono azimio kuhusu suala hilo. Urusi, Belarus na Korea Kaskazini ndizo tu zilizokataa. Na wananchi wana nguvu: Novemba 2022 madiwani wa San Francisco waliwaruhusu polisi kutumia roboti kuua katika hali za dharura, watu wakapiga kelele, na wiki moja baadaye madiwani hao hao wakageuza msimamo.

Kwa hivyo mbunge wako akija 2027 na kofia na leso, muulize pia hili. Serikali ikinunua mashine zenye silaha, nani atatia sahihi kabla hazijaua? Jina lake ni nani? Ofisi yake iko wapi? Asipokuwa na jibu, usimpe kura yako.

Na wewe endelea kutazama filamu zako bila aibu. Ila siku habari itakapokuja kwamba roboti imeua mtu, mahali popote duniani, angalia kwanza sarufi ya atakayekusimulia. Akisema ‘roboti huyu’, mrekebishe. Mwambie ni ‘roboti hii’. Kisha muulize ni ya nani.