Ndege Wanaoimba Hata Matangani

Mbwa wa mpwa wangu aligongwa na pikipiki hapa Kaaga mwezi wa saba, msimu ule ukungu unashuka kutoka mlimani na kukaa mpaka saa nne. Wiki iliyofuata darasa lake likapewa insha: "Siku Ambayo Sitaisahau." Yuko Gredi ya 5. Akaandika kuhusu mbwa wake.

Nimeisoma hiyo insha. Alirauka alfajiri, jua likachomoza kwa madaha na miale yake ya dhahabu, ndege wakatumbuiza, moyo ukajaa furaha ghaya. Mstari wa tano, mbwa akafa.

Jua gani, Kaaga, mwezi wa saba?

Jua na ndege walipata tiki nyekundu, kila mmoja yake. Mbwa hakupata kitu. Nikamuuliza mtoto, kwani asubuhi hiyo ilikuwaje? Akasema hakuona chochote kwa ukungu. Alisikia breki, halafu kimya, halafu sauti ya mtu asiyemjua ikisema "pole". Jamani! Mbona hukuandika hivyo? Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la kijinga. "Haina mapambo."

Ugomvi wangu ni na hilo neno. Tumewafundisha watoto kwamba maelezo ni mapambo, kitu unachobandika juu ya hadithi kama maputo ya besidei, yaleyale kwa harusi na kwa matanga. Lakini maelezo ndiyo yanayomwambia msomaji aogope, atulie, au ajiandae kulia, kabla hajaambiwa kimetokea nini. Ukianza na ndege wanaoimba, umeniahidi kitu. Mbwa akifa mstari wa tano bila onyo, sihuzuniki, nashangaa tu.

Najua yalikotoka. KCPE ilianza 1985 na ikafanywa mara ya mwisho 2023, na insha yake ilikuwa ya alama 40 kwa dakika 40. Mtoto hana muda wa kutafuta neno, na msahihishaji mwenye rundo la karatasi anatafuta kitu cha kutia tiki. Mtihani umekwenda, vijitabu vya mapambo vimebaki. CBC nayo inataja ubunifu kati ya umilisi wake saba. Ubunifu upi, kama darasa zima linaamka alfajiri moja chini ya jua moja?

Kuna wanaosema mtoto wa Meru anazungumza Kimeru nyumbani, Kiingereza darasani na Sheng barabarani, kwa hivyo lazima akariri misamiati ya Kiswahili. Hapo wana haki. Akariri. Shida ni kukariri sentensi nzima na hisia zake ndani.

Tena vifaa tunavyo tayari. Chukua tanakali za sauti, zile tulizokaririshwa kama meza ya kuzidisha: anguka majini chubwi, mchangani tifu, topeni tapwi. Hakuna aliyewahi kutuuliza ni ipi inachekesha. Hebu waulize watoto wa miaka tisa. Tapwi, watakuambia, huku wanaanguka sakafuni kuionyesha. Tifu ni laini, karibu ya huzuni. Pu! inatisha, hasa ukiisikia usiku na hujui kimeanguka nini. Hapo umeshafundisha jinsi neno linavyobeba hisia, na hujaandika kitu ubaoni.

Au chukua mvua juu ya mabati. Mtoto yuko kitandani, githeri imeiva, wote wako nyumbani: mvua inabembeleza. Usiku mwingine, mvua ileile, mabati yaleyale, lakini baba hajarudi na simu yake haishiki: sasa inagonga kama mtu anayetaka kuingia. Waandike zote mbili bila kutumia neno "furaha" wala "hofu". Nilijaribu na mpwa wangu na binamu zake wawili pale verandani kwa shosho. Mdogo kabisa alikataa kumaliza ya pili, akasema imemtisha. Ameiandika mwenyewe!

Walimu, sisemi mchome vijitabu. Nasema tiki iende kwingine. Kabla ya kutia, ulizeni tu: huyu ndege anafanya nini hapa?

Mpwa wangu ameiandika upya. Inaanza na bakuli la mbwa nje ya mlango, limejaa maji ya mvua. Ameipeleka shuleni Jumatatu. Bado tunangoja daftari.