MWENYE KISUKARI APIME MACHO ANGALI ANAONA

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Kijijini kwetu yuko mzee mmoja, fundi wa baiskeli. Kazi yake anaifanya chini ya mwembe. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima. Gazeti likifika, yeye ndiye aliyewasomea wenzake huku wakingoja pancha zao zizibwe.

Mzee huyu ana kisukari. Kila mwezi alikuja zahanati. Nilimwamkia, nikamtoboa kidole, nikapima sukari, nikampa vidonge. Nilimwambia apunguze chai ya sukari na soda. Kisha akaenda zake. Tulifanya hivyo karibu miaka miwili. Juu ya macho yake sikumwuliza hata siku moja.

Siku moja alitumbukiza mpira wa ndani katika beseni la maji ili atafute tundu. Mapovu yakatoka. Kijana mwenye baiskeli aliyaona. Fundi hakuyaona. Akacheka, akasema ni uzee. Baada ya majuma machache aliamka asubuhi na jicho moja limejaa kitu kama moshi. Ndani ya moshi huo aliona nyuzi nyeusi zinaelea. Hakusikia maumivu yoyote.

Alikuja kwangu akishikwa mkono na mjukuu wake. Akaniuliza, "Daktari, mbona hukuniambia kuwa sukari inafika machoni?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni kijana mwenye cheti tu, si daktari wa macho. Lakini jambo hilo nililifundishwa chuoni. Nililijua, nikanyamaza.

Basi sasa nalisema. Nyuma kabisa, ndani ya jicho, kuna utando mwembamba. Jina lake ni retina. Picha ya kila tunachokitazama inaangukia hapo, kisha inapelekwa kwenye ubongo. Utando huo unalishwa na vishipa vya damu vyembamba kuliko unywele.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, kuta za vishipa hivyo zinadhoofika. Fikiri mpira wa baiskeli uliochoka. Kwanza unavuja polepole, na wewe bado unaendesha. Vishipa navyo vinavuja maji na mafuta, na utando unavimba. Uvimbe ukiwa pale katikati, mtu anashindwa kusoma, kutunga uzi katika sindano, au kutambua sura ya jirani. Vishipa vingine vinaziba. Jicho likikosa damu ya kutosha linaotesha vishipa vipya. Hivi vipya si vya kushukuru. Ni dhaifu, vinapasuka, na damu inamwagika ndani ya jicho. Huo ndio ule moshi wa fundi wetu. Baadaye makovu yanaweza kuuvuta utando mpaka ubanduke.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Jicho haliumi wala haliwi jekundu. Mtu anaona vizuri wakati utando umekwisha kuanza kuharibika. Kwa hiyo sikubali maneno haya ninayoyasikia kila siku: "Macho yangu yanaona, nauli niitupe ya nini?" Wakati wa kulipa nauli ni huo huo, macho yanapoona. Anayengoja mpaka aone giza amechelewa sana.

Wengine wanasema ni mtoto wa jicho, utaiva kisha utatolewa. Kweli, wenye kisukari hupata mtoto wa jicho mapema kuliko wengine, na huo hutolewa kwa upasuaji. Lakini ugonjwa ninaoueleza uko nyuma zaidi. Hata mimi nikimulika jicho kwa tochi yangu ya zahanati siuoni.

Wengine wanasema sindano ya insulini ndiyo inayopofusha. Mama mmoja aliikataa kwa sababu ya jirani yake aliyeanza sindano kisha akapofuka. Wananchi, tufikiri pamoja. Watu wengi huanza sindano wakiwa wamekaa na sukari nyingi miaka mingi. Macho yao yalikuwa yameanza kuharibika zamani. Mwaka 1993 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu 1,441 wa Marekani na Kanada, wote wanaotumia insulini. Wengine waliidhibiti sukari yao kwa makini sana, wengine kwa njia ya kawaida ya siku zile. Kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, udhibiti wa makini uliipunguza hatari ya ugonjwa huu kwa asilimia 76. Yaani kati ya kila 4 ambao wangeugua, karibu 3 waliepuka. Na waliepuka kwa kutumia sindano hiyo hiyo.

Miwani ya gulioni nayo nina neno nayo. Sukari ikipanda na kushuka, uoni nao unabadilika. Ukinunua miwani leo sukari ikiwa juu, ikishuka miwani hiyo haikufai tena. Tuliza sukari kwanza.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Unatiwa matone, mboni inapanuka, na mtaalamu anatazama ndani kwa chombo chake. Hospitali nyingine zinapiga picha ya nyuma ya jicho. Kwa saa chache utaona ukungu na mwanga utakusumbua, kwa hiyo usiende na baiskeli, na chukua mtu wa kukusindikiza. Kwa kisukari cha watu wazima, kile cha vidonge, pima mara tu unapogundulika, kisha kila mwaka. Kijana aliyeanza na insulini apime kabla miaka 5 haijaisha, kisha kila mwaka. Mwenye kisukari akipata mimba apime mapema, maana mimba inaweza kuuzidisha ugonjwa huu. Presha nayo idhibitiwe, na sigara iachwe.

Ugonjwa ukionekana mapema, iko tiba ya mwanga wa leza, na ziko dawa za kuchomwa ndani ya jicho. Idara za macho ziko katika hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Muhimbili ya Dar es Salaam. Lakini leza kazi yake kubwa ni kuzuia ubovu usiendelee. Kilichopotea mara nyingi hakirudi.

Sasa naingia katika maoni yangu, na najua wengine hayatawapendeza. Kosa la kwanza ni letu sisi wa zahanati. Kupima sukari na kugawa vidonge peke yake ni nusu ya kazi. Kila kadi ya kisukari iandikwe tarehe ya kupima macho. Isipokuwa na tarehe, mgonjwa asiondoke bila karatasi ya rufaa. Na wewe mgonjwa usione haya. Niulize, "Macho yangu yatapimwa lini?" Nikikasirika, niulize tena.

Kosa la pili ni la kijiji. Harusi tunaichangia. Msiba tunauchangia. Lakini mzee wa kupimwa macho anaachwa aende peke yake na nauli yake, halafu tunamshangaa haendi. Kwa nini tusikodi gari moja mara moja kwa mwaka, wenye kisukari wote waende siku moja? Nimehesabu kadi zangu. Hapa kwetu wako 14. Basi dogo moja linawatosha pamoja na wasindikizaji wachache.

Fundi wetu alipelekwa hospitali ya rufaa. Jicho moja limebaki na ukungu, na wanalifikiria kwa upasuaji. La pili lilikutwa limeanza kuharibika, likapigwa leza, na linaona. Amerudi chini ya mwembe. Pancha anaziba bado, lakini kuangalia mapovu ni kazi ya mjukuu. Gazeti naye analisoma, ila polepole, na kwa mwanga wa asubuhi tu.

Suala la gari nimemwandikia mwenyekiti wa kijiji, liingizwe katika mkutano ujao. Fundi ameniahidi kuwa atasimama wa kwanza kusema.