Nafsi Yataka Sikio, Yataka na Hatamu

Siku hizi neno “kujitambua” halikosekani katika mkutano wa vijana, wala redioni, wala katika vile vitabu vinavyouzwa kando ya barabara. Kijana huambiwa ajipende, aifuate nafsi yake, awe yeye mwenyewe. Wazee wengi wa pwani wakisikia hayo hutikisa kichwa na kusema ni mambo ya Kizungu ya kuwafundisha watoto ukaidi. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya jambo.

Mafunzo hayo yana asili yake. Yalienea kutoka Marekani katikati ya karne iliyopita, na waliosikika zaidi ni mabingwa wawili wa saikolojia, Abraham Maslow (1908–1970) na Carl Rogers (1902–1987). Kabla yao, baadhi ya wataalamu walimtazama binadamu kama kiumbe wa kuzoeshwa kwa tuzo na adhabu, na wengine wakamwona mtumwa wa matamanio yaliyojificha ndani yake. Hawa walisema la, binadamu ana kiu ya kukua. Maslow aliandika mwaka 1943 kwamba mtu hata akishapata chakula, usalama, mapenzi na heshima, bado hatulii mpaka awe kile anachoweza kuwa.

Rogers naye alitoa mfano wa viazi vilivyowekwa katika chumba cha chini ya ardhi nyumbani kwao, alipokuwa mtoto. Hata mle gizani viazi vilichipua, machipukizi meupe, dhaifu, yakijinyoosha kuelekea kidirisha kilichokuwa juu. Kwake yeye, mtu aliyeharibika ni kama viazi hivyo: hakuacha kukua, bali amekua kombo kwa kukosa mwanga. Na mwanga wenyewe ni kusikilizwa kwa dhati na kupokewa bila masharti. Kumpokea mtu, yafaa tuelewane, si kukubali kila atendalo.

Hapo Rogers ametugusa. Katika nyumba zetu mapenzi aghalabu huja na masharti. Mtoto akihitimu msahafu au akipasi mtihani, baba husema “mwanangu”, akifeli, mama huambiwa “mwanao.” Neno la kwanza si “una nini?” bali “watu watasemaje?” Yule aliyetumbukia katika unga hufukuzwa, na jina lake halitajwi tena. Basi huenda akapokelewa wapi? Huenda maskani kwa mateja wenzake, maana huko hakuna amwonaye kuwa ni aibu. Tumemfungia mlango wetu, kisha twashangaa kumwona kwenye mlango mwingine.

Ama kuhusu kuifanya nafsi iwe kiongozi, hapo sisi Waislamu hatuwezi kufuatana na Rogers. Kurani Tukufu yaitaja nafsi iamrishayo maovu katika Sura Yusuf, nafsi ijilaumuyo katika Sura Al-Qiyama, na nafsi iliyotua katika Sura Al-Fajr. Basi kijana akiambiwa aifuate nafsi yake, hana budi kuuliza: ni ipi kati ya hizo? Hata miongoni mwa wenziwe Rogers walikuwako walioliona jambo hili. Rollo May alimwandikia barua ya wazi mwaka 1982, akimwambia kwamba hakuupa uovu wa binadamu uzito unaostahili.

Lakini wanaodhani kwamba dini yataka ukali mtupu, nao nawaomba wafikiri tena. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, kwa hiyo hata yule teja anayo asili ya kuirudia. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya alimfananisha mlezi wa nafsi na tabibu. Tabibu akiwapa wagonjwa wote dawa moja atawaua wengi, na sheikh akiwapa wanafunzi wote zoezi moja ataziua nyoyo zao. Sasa, ndugu msomaji, utaujuaje ugonjwa usipomsikiliza mgonjwa?

Hata huko Marekani, wengine waliomfuata Rogers waliongeza hatamu juu ya sikio. Mwaka 1983 William Miller alieleza namna ya kuzungumza na walevi: asiwagombeze, bali awasikilize kwanza, awaulize wao wenyewe ulevi umewapotezea nini. Hata hivyo, mzungumzaji hapotezi njia; huyaelekeza mazungumzo kwenye mabadiliko. Njia hiyo leo hutumika pia kwa watumiaji wa dawa za kulevya katika nchi nyingi.

Kwa maoni yangu, hivyo ndivyo yatupasavyo sisi wazazi, walimu wa madrasa na maimamu. Tusiwaambie vijana kwamba kila waonalo ni sawa, maana huko ni kuwatupa. Wala tusianze na fimbo na matusi. Baba na aketi na mwanawe baada ya Isha, amuulize swali moja, kisha anyamaze mpaka jibu liishe. Nasaha ije baadaye. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na ni kweli. Lakini hawakusema mwana akilia asisikilizwe.